Njano ya Ukingo wa Elube

Kibibi hakuja Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kutengeneza rangi. Alikuja kama wengi walivyokuja, kutoka Kindu, Kongo, na binti mchanga mgongoni, na miaka ya mwanzo aliuza mafuta ya mawese na vitenge pale soko la kambi, kama mama yake alivyouza kwao. Baadaye alihamia Kawale, mjini Lilongwe, akapata kibarua kwenye karakana ya vigae vya sementi. Huko ndiko alikojifunza kwamba wekundu wa sakafu ya watu ni udongo tu uliooshwa vizuri. Wakimbizi wa mjini waliporudishwa kambini, aliacha Kawale karibu kila kitu alichokuwa nacho. Ujuzi ule hakuna aliyeweza kumvua.

Nyuma ya nyumba yake alipanga mapipa. Udongo mwekundu aliukoroga majini, mchanga ukazama, akayamimina yale maji ya rangi kwenye pipa jingine na kuyaacha yatuame. Tope lililobaki alilianika juu ya turubai, akalitwanga kwenye kinu na kulichekecha kwa kitambaa cha pazia. Unga uliotoka ulikuwa laini kiasi cha kupeperuka mtu akipiga chafya. Majirani walizoea kuanika mashuka meupe upande mwingine. Mafundi sakafu wa kambini na wa Dowa waliununua, na mikono ya Kibibi ilikaa myekundu mpaka viwikoni, Idi kwa Idi.

Mbebaji wake alikuwa Zénon Hatungimana, Mrundi wa makamo, mwendesha kabaza, ambaye baiskeli yake ilikuwa na kiti cha abiria kilichoshonwa vizuri kuliko makochi mengi ya kambi. Watu walimwita Papa Bella, kwa jina la binti yake. Kibibi naye aliitwa Mama Malaika. Walifanya kazi pamoja bila maneno mengi, yeye Mwislamu wa Maniema, mwenzake Mkatoliki wa Ruyigi, wakielewana kwa Kiswahili cha kambi, kile kinachosema "njo" mahali pa "ndio".

Kazi ilipanuka kwa njia ya Bambo Kachale. Huyu alikuwa Mmalawi mwenye karakana Biwi, mjini Lilongwe, akinunua madumu na kreti zilizovunjika, akizikatakata na kuziyeyusha, kisha akizikandamiza kwenye kalibu zikatoka mabeseni na vikombe. Mabeseni yake yalikuwa imara lakini yana rangi ya majivu, maana plastiki chakavu ikichanganyika haina uso. Aliona sakafu ya duka moja, akauliza rangi imetoka wapi, akaelekezwa kwa Kibibi.

"Nataka beseni ambalo mama akilipita sokoni atasimama," alimwambia. "Nyekundu kila mtu anayo. Nipe njano."

Katika wiki hiyohiyo Stéphanie, Mrundi aliyeolewa na Mmalawi pale Kawale na aliyekuwa akichanganya rangi za ukuta kwenye ndoo, naye alimtumia ujumbe akitaka njano. Kibibi akaona riziki imemwita mara mbili, akaanza kutafuta udongo wa njano.

Aliupata ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa nzima kutoka kambini, chini ya kijiji kimoja cha Wachewa. Ulikuwa ukingo mrefu wa mfinyanzi uliosimama kama ukuta, na katikati yake ulipita mshipa wa njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji. Alishangaa kwamba hakuna aliyeugusa. Mashamba ya mahindi yaliishia mbali na pale, na kati ya shamba la mwisho na ukingo nyasi zilikuwa ndefu, nzee, hazijawahi kuchomwa wala kukatwa. Hapakuwa na njia ya mbuzi wala ya watu.

Siku ya kwanza alikwenda na Zénon, jua likiwa kichwani. Zénon akafungua gunia, Kibibi akachimba. Udongo ulitoka kwa vipande vinene, vyenye ubaridi. Alipochoka alisimamisha jembe, akajifuta jasho. Jembe likaendelea.

Halikuwa lake. Lake lilikuwa mkononi mwake, limetulia. Lakini ndani ya ukingo, au nyuma yake, sauti ya chuma kikiingia kwenye udongo mbichi ilisikika tena, kisha tena, taratibu, halafu ikanyamaza.

"Papa Bella, umesikia?"

"Nimesikia."

"Njo mwangwi."

Zénon aliweka gunia chini. Alipiga makofi kwa nguvu. Makofi hayakurudi. Akapiga mluzi, akaita jina la binti yake. Ukingo haukurudisha kitu. Kisha akamwambia Kibibi achimbe kidogo na asimame. Akachimba, akasimama. Jembe lile likapiga tena baada ya lake, tii, tii, likanyamaza.

"Mama Malaika," Zénon alisema kwa sauti ya chini, "mwangwi unarudisha kila kitu. Huu unachagua."

Walijaza gunia hilo moja na kuondoka. Njiani Zénon alisukuma baiskeli bila kugeuka nyuma, na walipofika barabarani alisema neno lake. "Mi nitabeba magunia kuanzia hapa. Kule chini sishuki tena. Bantu ba kwetu banasema, ukisikia mutu analima na humuone, unaacha kazi unaenda."

Kibibi hakumlaumu. Lakini alikuwa na binti wa kusomesha na wateja wawili wanaongoja, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kujipa majibu. Akajiambia ni maji chini ya ardhi. Akajiambia ni mkulima wa upande wa pili wa kilima. Alirudi peke yake, na kila mara akachimba bila kupumzika katikati, ili asipate nafasi ya kusikia. Alipomaliza alikuwa akiondoka haraka, na wakati mwingine, akiwa tayari kwenye nyasi ndefu, alisikia nyuma yake kazi ikiendelea. Alianza kusema salamu alipofika. "Salaam alekum," alisema kwa ukuta wa udongo, kisha akajionea aibu, kisha siku iliyofuata akasema tena.

Unga wa njano ulitoka mzuri kupita matarajio. Aliukausha mara mbili, maana Kachale alimwonya kwamba unyevu kidogo ungetia plastiki malengelenge. Akampelekea mwenyewe gunia la kwanza Biwi, akiwa na kibali cha kutoka kambini kifuani.

Karakana ilikuwa banda la mabati lenye joto na harufu ya dumu linaloungua. Wafanyakazi walimpokea vizuri. Walichota unga mbele yake, wakauchanganya na vipande vya plastiki iliyooshwa, ukawa njano tupu, wakaumimina kwenye mtambo. Walisubiri. Kalibu ilipofunguliwa, kijana wa kazi aliingiza mikono yenye glavu kutoa beseni, akalitazama, akaliweka chini polepole kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuamka.

Lilikuwa jekundu. Si jekundu la sakafu. Jekundu zito, lenye weusi kwenye mikunjo, kama kitu kilichotoka kwa mnyama.

"Nani ametia nyingine?" Kachale aliuliza.

"Hakuna, bwana. Tumetia hii hii."

Kibibi alifungua kiganja. Unga uliobaki kwenye vidole vyake ulikuwa wa njano. Wakajaribu tena kwa plastiki nyingine, wakiwa wote wamesimama kutazama. Njano iliingia, nyekundu ikatoka. Mfanyakazi mmoja alivua glavu, akatoka nje na hakurudi siku hiyo.

Msimu ule ulikuwa mbaya kwa jambo la namna hiyo. Minong'ono ya wanyonya damu ilikuwa imeanza tena vijijini, kama inavyoanza kila baada ya miaka, na watu walikuwa wakilala kwa zamu. Hata kambini, akina mama waliita watoto ndani mapema. Habari ya beseni lililobadilika ilitoka Biwi ikafika Dzaleka kabla ya Kibibi kumaliza kusimulia nyumbani. Ilisemwa kwamba mwanamke wa Kindu anachimba mahali pasipochimbwa, na kwamba kinachotoka mle si udongo.

Alikuwa amerudi na beseni moja. Asubuhi alilikuta limegeuzwa kifudifudi, limesukumwa mpaka ukutani.

"Malaika, ni we umeweka vile?"

"Ni mimi, mama." Malaika alikuwa akivaa sare ya shule, hakumtazama. "Sipendi vile linanitazama."

Mafundi sakafu waliacha kuja. Mwanamke aliyekuwa akimwazima kinu alikuja kukichukua, akakisugua kwa majivu palepale uani, mbele yake. Kibibi alikaa ndani, akahisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi hata njiani kutoka Kongo. Huko aliogopa watu. Sasa alianza kuogopa mikono yake mwenyewe. Aliinawa, na maji ya kwanza yaliyotoka yakiwa mekundu alishindwa kujua kama ni udongo wa zamani au ni nini.

Kilichomtoa humo ni moto wa kupikia. Alikuwa akipuliza mkaa kwenye mbabula, akaona vumbi la njano lililokuwa kwenye ukingo wa ile mbabula. Karibu na mkaa lilikuwa jekundu. Mbali kidogo lilikuwa la njano. Alisimama akitazama. Kisha akaleta kigae cha chungu, akaweka unga juu yake, akakiweka kwenye mkaa. Njano ikawa kahawia, kahawia ikawa nyekundu, mbele ya macho yake, bila mtu kuigusa.

Akamwita Zénon aje aone. Zénon alichuchumaa karibu na kigae.

"Kumbe ni moto njo unaigeuza," alisema.

"Ni moto."

"Sawa." Alisimama, akapangusa magoti. "Na jembe? Jembe nalo ni moto?"

Swali hilo ndilo lililomfanya Kibibi avae na kwenda kijijini kuuliza. Alichukua gunia dogo la unga na beseni lile, ili asionekane anaficha kitu. Ilikuwa kosa. Kabla hajazifikia nyumba, wanaume waliokuwa wakipalilia walimwona anakuja kutoka upande wa ukingo, mikono myekundu, beseni jekundu kichwani. Walimzunguka. Hawakupiga kelele. Mmoja alichukua beseni kwa ncha ya jembe, mwingine akamwambia akae chini, naye akakaa. Wengine walizidi kuja.

"Unatengeneza nini na damu?" aliuliza mwenye jembe.

Kibibi alijua Kichewa cha kutosha. "Si damu, baba. Ni udongo wenu. Nileteeni moto niwaonyeshe."

Wakaleta kaa la moto kwenye kipande cha bati. Akamwaga unga wa njano, ukageuka. Alifikiri wataelewa. Badala yake wote walirudi nyuma hatua moja, na mtu mmoja nyuma akasema kwamba ameiona damu ikiamka. Jembe lililokuwa limeshushwa likainuliwa.

Mzee wa kijiji alikuwa amefika. Hakumgusa, wala hakuwazuia waliotaka kumgusa. Alisema tu, "Mwiteni Enelesi. Yeye ndiye wa udongo."

Enelesi alikuwa bibi mfupi, mwenye nguvu za mabega, mfinyanzi wa mwisho aliyebaki pale. Alikuja na matope mikononi. Alimpita Kibibi bila kumsalimia, akachovya kidole kwenye unga, akakitia mdomoni. Alitafuna kidogo, akatema.

"Wajinga," aliwaambia. "Mitungi mnayonywea maji naipaka nini kabla ya kuichoma? Kabla ya moto ina rangi gani? Mmekulia uani kwangu, mmeona." Wanaume wengine walitazama chini. "Siku hizi naupata kidogo, kule juu ya kijito. Ni udongo huuhuu." Kisha akamgeukia Kibibi, na sauti yake ikabadilika. "Lakini huu hukuutoa juu. Umeutoa ukingoni."

"Ndiyo, Agogo," Kibibi alijibu, kwa neno la Kichewa la kumwita bibi.

Alimshika mkono, akamwinua, akampeleka mpaka kwenye kivuli cha ghala lake la mahindi, mbali na masikio. "Ulipokuwa unachimba," alisema, "ulikuwa peke yako?"

Kibibi alimwambia yote. Alimwambia juu ya makofi yasiyorudi na jembe lililorudi, na salamu alizokuwa akizitoa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini kwenye vumbi, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto.

Enelesi alikuwa na mdogo wake wa kike, aliitwa Elube. Walifinyanga pamoja. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Enelesi akiwa na mtoto mgonjwa, Elube alikwenda peke yake kuchukua njano ya kupaka mitungi. Ukingo ulianguka. Kijiji kilichimba mahali walipoona kanga yake, hawakupata mtu. Kijito kilikuwa kimejaa, kikipita hapohapo, wakakubaliana kwamba maji yamemchukua. Walizika nguo zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyelima karibu na pale, na baada ya muda vijana walisahau sababu, wakabaki na woga tu.

"Nilikwenda mara nyingi," Enelesi alisema. "Nikamwita. Sikusikia kitu. Sikuchukua jembe. Sikufikiri kwamba nichukue jembe."

Walikwenda mchana huo huo, wao wawili mbele, mzee wa kijiji na wanaume nyuma yao kwa umbali. Hewa ilikuwa imesimama. Enelesi alikaa juu ya jiwe, akamfanyia Kibibi ishara. Kibibi akasema salamu yake, kwa sauti, na safari hii hakuona aibu. Akachimba. Akasimama.

Tii. Tii.

Wanaume walisikia pia.

"Ndamva, mng'ono wanga," Enelesi alisema. Nimekusikia, mdogo wangu. Hakulia. Aliinuka, akaweka kiganja kwenye ukuta wa udongo, akasogea pembeni, akamwambia Kibibi achimbe tena. Kila jembe lilipojibu, bibi alisogeza mkono, mpaka akafika mahali palipokuwa juu kuliko alipofikiri mtu yeyote, mbali na palipookotwa kanga. Akapiga pale kwa kofi. "Hapa."

Wanaume walichimba. Mwanzoni walichimba kwa ncha za majembe, baadaye wakachimba kama watu wanaofanya kazi. Jua lilikuwa limeanza kuteremka walipofikia uwazi mdogo, kama chumba cha mtoto, ambao udongo ulipoanguka ulikuwa umeuziba bila kuujaza. Elube alikuwa mle, mifupa, amejikunja kuelekea nje. Jembe lilikuwa mbele yake, chuma chake kimeliwa na kutu mpaka kikawa chembamba kama jani. Na ukuta wa upande wa ndani, ule ambao hakuna mtu aliyeweza kuufikia kutoka nje, ulikuwa na alama za jembe, nyingi, zikielekea kwenye mwanga.

Kila mtu pale alielewa kwamba hakufa siku ile ile. Mzee wa kijiji alivua kofia. Enelesi alizitazama zile alama, akazipitishia vidole moja moja, na Kibibi akamshika kiuno asianguke.

Walimzika kwenye makaburi ya watu wake, na kwaya ya kanisa, na nsima ya msiba, ugali wa kwao. Kibibi alikwenda. Zénon naye alikwenda, akasimama nyuma na kofia mkononi, na ndiye aliyefunga ubao wa msalaba kwenye baiskeli yake kutoka kwa seremala wa kambi. Wale wanaume waliomzunguka Kibibi njiani walimletea mahali pa kukaa. Hawakuomba radhi kwa maneno. Mmoja wao aliliosha lile beseni jekundu, akanawisha wageni maji kwa hilo kabla ya chakula, mkono kwa mkono, na watu wakanawa.

Kibibi hakuchimba tena ukingoni, na kijiji kilisawazisha pale. Enelesi alimwonyesha mshipa wa juu ya kijito, mwembamba lakini unatosha, wakapatana: mfinyanzi kwanza, rangi baadaye. Kachale alichukua muda kuwarudisha wafanyakazi wake, kisha akagundua kwamba beseni jekundu zito, lisilofanana na la mtu mwingine, ndilo lililomfanya mama sokoni asimame. Aliacha kutafuta njano. Njano ilikwenda Kawale kwa Stéphanie, kwenye ndoo za rangi ya ukuta ambayo haipiti motoni, na huko ilibaki kama ilivyotoka ardhini. Kuna shule moja ya chekechea Kawale ina kuta hizo.

Kibibi alibadilika kidogo. Alianza kuchimba polepole, akisimama mara kwa mara, kichwa kimeinama upande. Malaika alimuuliza anasikiliza nini. "Hakuna," alisema. "Njo vizuri hivyo."

Enelesi alizoea kuja kambini siku za soko, akala wali kwa Kibibi, akalalamika kwamba hauna ugumu wa nsima. Siku moja alikuta kopo la unga wa bluu mezani. Stéphanie alikuwa na mteja aliyetaka milango ya bluu, na bluu haitoki kwenye udongo wa huku, kwa hiyo Kibibi aliinunua dukani mjini, iliyofungwa kwenye mfuko wenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

Bibi aliinama, akaitazama kwa muda. "Hii nani aliichimba?"

"Sijui, Agogo. Inatoka mbali."

"Hujauliza?"

"Wa kuuliza hayuko."

Enelesi alifunika kopo kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo, midomo ikicheza kama mtu anayetoa salamu. Kisha akaondoa mkono na kuomba chai. Kibibi alipima ile bluu, akaichanganya na chokaa kama alivyoagizwa, na jioni Zénon akaipakia kwenye baiskeli.